George Eastman: Msee Aliacha Shule Akiwa 14, Akaweka Kamera Mkononi mwa Kila Mtu

Wasee wa kamera mnajijua. Kwa simu umefungua kurasa ishirini za bei ya lenzi, 50mm ama 35mm bado hujaamua. Kwa laptopu kuna folda imejaa RAW za mwezi jana hujaziguza, ju ukifikiria kufungua Lightroom unachoka kabla hujaanza. Na ukiulizwa mbona siku hizi hupigi picha, jibu ni lile lile: bado sijapata vifaa fiti.

Leo wacha niwape stori ya jamaa mmoja alianza na vifaa mob kuliko vile mgongo wake ungebeba. Badala ya kutafuta kamera kubwa zaidi, alikaa chini akajiuliza ni nini hapa kinaweza kutupwa. Hilo swali likamfanya tajiri mbaya sana. Anaitwa George Eastman, ndiye mwenye Kodak, na kabla aage alifika hadi hapa kwetu Kenya na kamera yake mkononi.

Maisha ya kuhesabu senti

Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 huko Waterville, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa kitinda mimba, mbele yake madada wawili. Buda yake alikuwa na shule ya kufunza mambo ya biashara kwa mji wa Rochester, lakini 1862 akafariki. George alikuwa na miaka saba tu.

Mathe yake, Maria, akabaki na watoto watatu na hakuna doo. Alichofanya ndicho mamathe wengi hapa mtaani wangefanya: aliweka wapangaji kwa nyumba, akawapikia, maisha yakasonga. Dada mmoja, Katy, alikuwa ameshikwa na polio na alitembea kwa kiti cha magurudumu. Alikufa 1870, George akiwa bado teenager.

Kufikia hapo kijana alikuwa ashaacha shule. Akiwa na miaka 14 aliingia ofisi ya bima kama yule boi wa kutumwa tumwa, akilipwa dola 3 kwa wiki. Usiku akawa anajisomea mambo ya uhasibu nyumbani ndio apate kazi ya maana. Mimi pia college niliiacha katikati, so hii part iliniguza. Lakini tusidanganyane: aliacha darasa, vitabu hakuacha. Kila senti iliyoingia na kutoka aliiandika kwa daftari. 1874 ikajipa, akapata kazi ya karani kwa benki ya Rochester, dola 15 kwa wiki.

Likizo ambayo haikufanyika

1877 Eastman alikuwa anapanga kwenda Santo Domingo. Msee wa kazini akamshow abebe kamera aweke kumbukumbu ya hiyo safari. Idea poa. Akaenda akanunua seti nzima, na hapo ndipo alijua hajui.

Siku hizo kupiga picha moja ilikuwa kama kuhama keja. Kamera yenyewe ilikuwa boksi kubwa kama maikrowevu, na stendi yake ilikuwa nzito ajabu. Hakukuwa na filamu, picha ilishikwa kwa kioo. Unapaka kioo dawa, unakitumbukiza kwa kemikali za silva, kisha unapiga picha kikiwa bado kibichi. Kikikauka tu, imeenda. Halafu unaisafisha hapo hapo, so ukienda shamba kupiga picha ya mti unabeba pia tenti ya giza, chupa za kemikali, vioo na jagi la maji. Kujifunza tu vile hiyo mitambo inatumika kulimgharimu dola 5, karibu mshahara wa wiki mbili wa ile kazi yake ya kwanza.

Santo Domingo hakuwahi kwenda. Lakini kamera ilikuwa imeshamshika, na hasira ya ule mzigo ikamshika pamoja nayo.

Usiku kwa jikoni ya mathe

Eastman akaanza kusoma magazeti ya mapicha kutoka Uingereza. Huko wasee walikuwa wanajaribu vioo vikavu, vilivyopakwa silva iliyochanganywa na gelatini. Kioo kikavu unaweza kukibeba na kukitumia siku yoyote unayotaka, na kukisafisha ukifika home. Tenti inaisha, jagi linaisha.

So mchana yuko benki, usiku yuko jikoni kwa mathe anapika kemikali. Kuna siku alichoka hadi akashindwa kuvua nguo, akajilalia sakafuni kando ya jiko. Ilimchukua karibu miaka mitatu. 1879 akapata hataza Uingereza ya mashine ya kupaka hivyo vioo, 1880 akapata ya Marekani, na mwaka huo huo akakodi ghorofa ya tatu kwa jengo moja la State Street, Rochester.

Mtu wa kwanza kumwekea doo alikuwa Henry Strong, aliyekuwa mpangaji kwa nyumba ya mathe yake. Biashara ya Strong ilikuwa kutengeneza viboko vya mikokoteni ya farasi, na picha hakuzijua. Januari 1881 wakaanzisha kampuni. Eastman bado alikuwa anashikilia kazi ya benki, hadi siku nafasi ya juu ilitokea na ikapewa ndugu ya mmoja wa wakubwa. Septemba akatoka.

Karibu kila kitu kiishe

1882 simu zingekuwa zimeenea zingekuwa zinalia non-stop. Wenye maduka walianza kurudisha vioo: vimekufa, picha haitoki. Angeweza kuwaambia wavumilie. Badala yake alikubali kosa, akachukua vioo vibovu vyote na kuvibadilisha. Kampuni ikabaki karibu mifuko mitupu, na akafunga safari hadi Uingereza kutafuta shida iko wapi.

Shida ilikuwa gelatini. Gelatini hutoka kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe, na ile stoki mpya haikuwa kama ile ya zamani. Miaka ya 1920 ndipo mkemia wa Kodak aligundua siri: ng'ombe wakila mimea ya jamii ya haradali, gelatini yao inabaki na salfa kidogo, na hiyo salfa ndiyo inafanya picha ishike mwanga vizuri. Yaani biashara nzima ilikuwa inategemea ng'ombe wamekula nini.

Kazi yako ni kubonyeza tu

Kioo kikavu kilikuwa sawa, lakini bado ni kioo. Kizito na kinavunjika. Eastman akahamia kwa karatasi inayojikunja kama rola, na 1888 akatoa kile kitu kilibadilisha mchezo: kamera ya Kodak.

Jina lenyewe halina maana yoyote. Alipenda herufi K, ambayo pia ndiyo ilianza jina la ukoo wa mathe yake, Kilbourn. Alitaka neno fupi, ambalo hakuna mtu angeliharibu kwa kulitamka, na lisilofanana na kitu kingine chochote sokoni.

Sasa skiza vile ilifanya kazi. Unalipa dola 25, unapata kamera ikiwa na filamu ya picha 100 ndani tayari. Unabonyeza hadi ziishe. Kisha unatuma kamera nzima Rochester na dola 10. Huko wanatoa filamu, wanasafisha picha, wanaweka filamu mpya, na unarudishiwa kila kitu. Picha zilikuwa za duara, inchi mbili na nusu hivi. Wapigapicha wa studio hawakuwa na haja nayo sana. Lakini mama wa nyumbani, karani, msee wa likizo, hao wote kwa mara ya kwanza wakaweza kupiga picha bila kujua chochote kuhusu kemikali. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza filamu ya plastiki inayopitisha mwanga, na hiyo ndiyo Thomas Edison alitumia kwa majaribio yake ya sinema.

Lakini dola 25 bado ilikuwa ya wenye nazo. Piga hesabu: yule boi wa ofisi ya bima angefanya kazi zaidi ya wiki nane bila kula ndio ainunue. Eastman alizijua hizo hesabu. Februari 1900 akatoa Brownie, boksi la kadibodi lenye lenzi ya kawaida kabisa, bei dola 1. Filamu ya picha sita ilikuwa senti 15. Yule boi sasa angenunua tatu kwa mshahara wa wiki moja. Watoto wa shule wakawa na kamera.

Usidhani alikuwa malaika

Kamera ya dola 1 ni chambo, doo ilikuwa kwa filamu, na utanunua filamu maisha yako yote. Kodak ikawa inameza washindani hadi serikali ya Marekani ikaipeleka kortini, na 1921 kampuni ikakubali kuuza baadhi ya biashara zake.

Kuna pia stori ya Hannibal Goodwin, mhubiri mzee wa Newark. Aliomba hataza ya filamu ya plastiki 1887, kabla ya Kodak kutoa yao. Kesi ikavutwa, hataza akaipata 1898, na 1900 akafa. Kodak ilikuja kulipa dola milioni 5 mwaka wa 1914, ikalipa kampuni iliyokuwa imenunua haki hizo. Goodwin alikuwa kaburini zaidi ya miaka 13.

Kwa upande mwingine, Eastman hakuoa, hakuwa na mtoto, na doo aliitoa kama mtu anayeharakisha. 1919 aligawia wafanyakazi theluthi moja ya hisa zake, thamani dola milioni 10. Chuo cha MIT kilikuwa kinapata mamilioni kutoka kwa mtu anaitwa tu Bwana Smith, na 1920 ndipo ilijulikana ni yeye. Alijenga shule ya muziki Rochester, na kliniki za meno za watoto huko na hadi London na Roma. Jumla ilipita dola milioni 100.

Alipokanyaga Kenya

1926, akiwa na zaidi ya miaka 70, Eastman alikuja Kenya kwa safari ya kuwinda. Alitembea na Martin na Osa Johnson, wale bwana na bibi wa Marekani waliokuwa wamepiga kambi Marsabit, kando ya ziwa waliloliita Lake Paradise, wakirekodi filamu za wanyama. Eastman alibeba kamera ndogo ya sinema ya kampuni yake. Kuna faru alimkimbilia, na mzee hakuacha kurekodi hadi mnyama akapigwa risasi na kuanguka hatua chache mbele yake. Kambini alipenda kuoka keki mwenyewe. Miaka michache baadaye alirudi Afrika tena, na kichwa cha ndovu aliyemuua kikatundikwa kwa nyumba yake Rochester.

Hapa ndipo stori huwa inanikwama kidogo. Huyu ndiye msee aliyefanya kamera iwe ya kila mtu. Lakini Kenya ya 1926 ilikuwa koloni, na Waafrika kwa zile picha za safari walikuwa mbele ya lenzi ama chini ya mzigo. Ule mzigo uliomchosha akiwa kijana, hapa ulibebwa na watu wengine. Kila mtu ya Rochester haikuwa imetufikia sisi.

Mwisho wake

Miaka ya mwisho ugonjwa wa uti wa mgongo ulimshika vibaya. Kutembea kukawa shida na maumivu hayakuisha, na alikuwa ameona kiti cha magurudumu kwa dada yake, kisha kwa mathe yake. Tarehe 14 Machi 1932, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai nyumbani kwake. Aliacha barua fupi sana. Watu hupenda kuisifu hiyo barua. Mimi naona mzee aliyekuwa na maumivu na upweke ndani ya nyumba kubwa. Kama uko hapo wewe mwenyewe, tafuta mtu uongee naye leo, usingoje kesho.

Ile nyumba sasa ni makumbusho ya picha. Kampuni nayo ilisahau somo la mwenyewe. 1975 mhandisi wake mmoja, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali ambayo haihitaji filamu kabisa. Eastman angeiona angejua ni mzigo mwingine umetupwa. Wakubwa wa Kodak waliona filamu yao ikikosa wanunuzi, wakaisukuma kando. Januari 2012 kampuni ikaenda kortini kutangaza imefilisika.

So rudi kwa zile kurasa zako ishirini za lenzi. Vifaa si vibaya, hata Eastman alipenda vifaa. Lakini pesa yake yote ilitoka kwa jambo moja: kila kitu kinachosimama kati ya mtu na picha yake, kitoe. Simu iliyo mfukoni mwako haihitaji tenti, jagi, wala kutumwa Rochester na dola 10. Na tofauti na 1926, leo anayeshikilia kamera hapa Kenya ni wewe. Hiyo foto ya shosh yako unayongoja lenzi ndio uipige, ipige wikendi hii.