Robert Peel na Polisi wa Sura Mbili

Robert Peel alizaliwa mwaka wa 1788 mjini Bury, Uingereza. Mnamo 1812 aliteuliwa Katibu Mkuu wa Ireland, nchi iliyogawanyika baina ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka wa 1814 aliunda humo kikosi cha kuzima ghasia. Gharama zake walitozwa wakazi wa eneo kilikopelekwa, mithili ya faini. Alipoanzisha polisi wa London mwaka wa 1829, aliwavika sare ya buluu wasifanane na wanajeshi, wakashika doria kwa rungu. Alifariki mwaka wa 1850 baada ya kuangushwa na farasi. Makoloni mengi, Kenya ikiwemo, yalirithi mtindo wa Ireland wa askari wenye bunduki. Ndiposa raia walimjua polisi kama mtawala kabla ya kumjua kama mlinzi.