ALITOKA ZIZINI AKAINGIA DARASANI

Kijana wa Busale, je, umewahi kupanda gari kwenda Mbeya kuangalia mpira Uwanja wa Sokoine? Jina hilo umelitaja mara nyingi. Lakini hebu jiulize, huyo Sokoine alikuwa nani? Wengi watajibu kwamba alikuwa Waziri Mkuu, basi, wanaishia hapo. Leo tusianze na uwaziri. Tuanze na ng'ombe.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa mwaka 1938 huko Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamaasai. Siku zile mtoto wa kiume wa mfugaji hakungoja akue ndipo apewe kazi. Akiwa bado mdogo kabisa aliwekwa kuangalia ndama na mbuzi karibu na boma. Akipata nguvu alikabidhiwa ng'ombe wenyewe, akatoka nao asubuhi, fimbo mkononi, akarudi nao jua likizama. Aliwajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe. Kiangazi maji yalikuwa mbali, na simba na fisi nao walikuwa na njaa. Akipoteza ndama, hana wa kumsingizia. Jioni ile ni yeye na baba yake tu. Hiyo nayo ilikuwa shule, tena ngumu, ijapokuwa haikuwa na ubao wala chaki.

Wala usidhani haya ni ya Wamaasai peke yao. Waulize wazee. Zamani wavulana wa Kinyakyusa nao walichunga ng'ombe za baba zao, na walipofika kama miaka kumi walitoka nyumbani wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja. Kulala walilala kule, kula wakarudi kwa mama, kundi zima, leo kwa huyu kesho kwa yule!

Sasa sikiliza. Mwaka 1948 Moringe alianza shule ya msingi hapo Monduli. Alikuwa na miaka kama kumi, yaani umri uleule ambao kijana anaanza kuaminiwa na kundi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwa wazazi wengi wa Kimaasai wakati ule, kumpeleka mtoto shule ilikuwa ni kumpoteza mchungaji. Ng'ombe watatoka na nani? Na huyo mtoto akirudi, atarudi Mmaasai au atarudi mgeni? Watu wa mjini huwa wanaicheka hofu hiyo, eti ni ujinga. Mimi siicheki. Shule ilikuwa ya serikali ya kikoloni, lugha yake si ya nyumbani, na faida yake hakuna aliyeiona zizini. Wenzake wa rika wanawaza mkuki na umorani, yeye anawaza hesabu.

Alivumilia. Alisoma Monduli, halafu akaenda sekondari ya Umbwe, kwenye migomba ya Kilimanjaro, mpaka 1958. Miaka kumi si mchezo, kijana!

Mwaka 1961 alijiunga na TANU. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, akarudi 1963. Je, alitafuta kiti kizuri Dar es Salaam akasahau boma? Hapana. Alirudi kuwa ofisa mtendaji wa wilaya ya Wamaasai, kwa watu walewale waliokuwa na wasiwasi na shule, na mwaka 1965 akawa mbunge wao. Miaka ya 1970 serikali ilipotaka Wamaasai wakae katika vijiji vya kudumu, wapate shule, maji na majosho ya mifugo, yeye aliwahimiza. Si wote waliofurahi, maana mfugaji hufuata mvua, na mvua haikai kijijini. Lakini aliyekuwa akisema nao aliijua kiu ya ng'ombe, hakuisoma kitabuni.

Mengine unayasikia mara kwa mara. Alikuwa Waziri wa Ulinzi toka 1972, Waziri Mkuu toka 1977 hadi 1980, halafu akaenda kusoma tena, safari hii Yugoslavia. Ndiyo, mtu mzima aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu akashika tena daftari! Alirudishwa katika cheo kile Februari 1983, na mwaka huohuo akawasha moto dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi.

Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anatoka bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lake likapata ajali Dakawa, Morogoro, akafa. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa redioni. Walimrudisha Monduli, wakamzika nyumbani. Julai mwaka ule chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikaanza kuitwa kwa jina lake, na humo mpaka leo vijana husomea udaktari wa mifugo.