Prosper Mérimée: Mkaguzi Aliyeokoa Makasri ya Ufaransa

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Prosper Mérimée alizaliwa tarehe 28 Septemba 1803 jijini Paris, Ufaransa. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake, Léonor, alikuwa mchoraji, na mama yake pia alichora. Hivyo, Prosper alijifunza kutazama vitu kwa jicho la msanii tangu utotoni. Alipokua alisomea sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika fasihi. Kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa ameshaandika tamthilia na hadithi zilizompatia jina.

Ili kuielewa kazi iliyompa heshima kubwa zaidi, tukumbuke kwanza hali ya Ufaransa wakati huo. Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliwaangusha wafalme na makabaila. Makasri yao mengi pamoja na mali za Kanisa zilitaifishwa, na baadhi zikauzwa. Wako wanunuzi waliobomoa majengo hayo ili wauze mawe, mbao na vyuma vyake. Majengo mengine yaligeuzwa kuwa magereza, maghala au kambi za jeshi. Wananchi wengi hawakuona sababu ya kuyahurumia, kwani waliyahesabu kuwa alama za dhuluma iliyowatesa babu zao. Swali lililokuwapo lilikuwa zito: je, jengo zuri libomolewe kwa sababu aliyelijenga alikuwa dhalimu?

Mwaka 1830 serikali iliunda cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Majengo ya Kihistoria. Wa kwanza kukishika alikuwa Ludovic Vitet. Mwaka 1834 cheo hicho kilikwenda kwa Mérimée, akiwa na umri wa miaka 30. Wapo waliodhani kwamba mwandishi wa hadithi angeketi ofisini na kupokea mshahara. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo alianza safari ya kukagua majengo ya kusini mwa nchi, na hakurudi Paris hadi Desemba. Mwaka 1835 alikwenda magharibi, mwaka 1837 akapita katika milima ya Auvergne, na mwaka 1839 akavuka bahari hadi kisiwa cha Corsica.

Safari hizo hazikuwa za starehe. Reli zilikuwa bado hazijafika sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo alisafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi katika barabara mbovu na kulala katika nyumba za wageni za vijijini. Kila alipofika alikagua kuta, paa na michoro, akaandika hali ya jengo na matengenezo yaliyohitajika. Kisha alipeleka taarifa kwa waziri na kuchapisha maelezo ya safari zake ili wasomaji wa kawaida nao wajue nchi yao ina nini.

Katika safari ya kwanza alifika Vézelay na kukuta kanisa kubwa la karne ya 12 likikaribia kuanguka. Alilipigania hadi fedha zikapatikana. Mwaka 1840 kazi ya kulitengeneza ilikabidhiwa kwa msanifu majengo kijana wa miaka 26, Eugène Viollet-le-Duc. Wengi wangeogopa kumpa kijana jukumu kama hilo, lakini kanisa lilisimama, na kazi ikakamilika mwaka 1859. Mwaka 1841, katika kasri la Boussac, Mérimée aliona mazulia sita ya kutundikwa ukutani, yaliyofumwa picha za mwanamke na mnyama wa hadithi mwenye pembe moja. Unyevu ulikuwa ukiyaozesha. Aliitaka serikali iyalinde. Leo mazulia hayo yamo katika jumba la makumbusho la Cluny jijini Paris.

Tatizo kubwa la Mérimée lilikuwa fedha. Majengo yaliyohitaji msaada yalikuwa mengi, na bajeti ilikuwa ndogo. Mwaka 1837 iliundwa Kamisheni ya Majengo ya Kihistoria. Wakuu wa mikoa waliagizwa kuorodhesha majengo ya maeneo yao kwa kufuata umuhimu wake, na kutaja kiasi cha fedha kilichohitajika. Mwaka 1840 ikatoka orodha ya kwanza ya Taifa, yenye majengo na kumbukumbu zaidi ya 1,000. Miongoni mwake lilikuwamo kasri la Blois, ambalo wanajeshi walikuwa wamelifanya kambi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa daftari la Ufaransa.

Hata hivyo, si kila alichokitaka kilitimia. Huko Avignon, jeshi lilikuwa limelifanya kasri la Mapapa kuwa kambi, nalo liliendelea kukaa humo hadi mwaka 1906, miaka mingi baada ya kifo chake. Kwa upande mwingine, serikali ilipotaka kubomoa kuta za mji wa ngome wa Carcassonne, Mérimée aliungana na wenyeji kupinga uamuzi huo. Kuta zilibaki, na matengenezo yakaanza mwaka 1853.

Pamoja na kazi hiyo, hakuiacha kalamu. Safari ya Corsica ilimpa mazingira ya hadithi ya Colomba, iliyotoka mwaka 1840. Mwaka 1845 alitoa Carmen, hadithi ambayo Georges Bizet aliigeuza kuwa opera mwaka 1875. Mwaka 1844 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Ufaransa, na mwaka 1853 akateuliwa kuwa seneta. Aliacha kazi ya ukaguzi mwaka 1860, baada ya miaka 26.

Mérimée alifariki mjini Cannes tarehe 23 Septemba 1870, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 67. Mwaka uliofuata, nyumba yake ya Paris iliungua katika machafuko ya kisiasa, na vitabu na karatasi zake zikateketea. Lakini majengo aliyoyaandika katika orodha hayakuteketea. Hadi leo, orodha ya kielektroniki ya majengo ya kihistoria ya Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa inaitwa Mérimée.

Maswali

1. Eleza sababu mbili zilizofanya makasri mengi ya Ufaransa yabomolewe baada ya mwaka 1789.
2. Kwa nini orodha ya mwaka 1840 ilihitajika? Ihusishe na methali iliyotajwa katika habari.
3. Taja jambo moja alilofanikiwa Mérimée na moja aliloshindwa.
4. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: zilitaifishwa, dhuluma, msanifu majengo.
5. Je, unakubali kwamba jengo lililojengwa na dhalimu lihifadhiwe? Toa hoja mbili.