Charles Taylor, fundi wa ndege ya kwanza

Wengi wetu tunajua ndugu Wright, Orville na Wilbur. Lakini Charles Taylor njo nani? Alizaliwa mu Marekani mwaka 1868. Tangu 1901 alikuwa fundi wao mu atelye ya kinga, mu muji wa Dayton. Motere ya ndege yao ni yeye aliitengeneza kwa mikono yake, kwa wiki sita tu.

Atelye ilikuwa ndogo. Mabawa yalipita metre 12, hayangeweza kufungwa mule. Kipande cha katikati peke yake kiliziba njia: mteja akiingia, bapatron walitoka kwa mlango wa kando na kuzunguka inje ili wamupokee. Basi walituma ndege vipande-vipande mpaka Kitty Hawk, na kule njo walifunga mabawa. Tarehe 17 Desemba 1903 iliruka. Taylor hakuiona, alibaki Dayton kuchunga kazi.

Mu uzee mali yake iliisha. Alikufa 1956, watu wachache wakimujua.

Sisi wa sendika tunaomba kitu kimoja: penye majina ya bapatron, la fundi pia liandikwe.