Helen Rollason: Mwanamke aliyefungua mlango wa michezo runingani

Tunaandika kutoka Stratford, mashariki mwa London, jirani na uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki na ile ya Olimpiki ya Walemavu ya mwaka 2012. Kila tunapoupita tunamkumbuka hayati Helen Rollason, mtangazaji ambaye hakujaliwa kuuona.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikiliza mpira redioni, sauti tuliyoizoea ilikuwa ya mwanamume. Tulipofika uhamishoni tulidhani Waingereza walikwishayavuka hayo zamani. Kumbe sivyo.

Bi Helen alizaliwa London tarehe 11 Machi, 1956. Alisomea ualimu wa mazoezi ya viungo, kisha akaingia redio ya mkoani, akapitia Channel 4 na hatimaye BBC, ambako watoto walimfahamu katika kipindi chao cha habari, Newsround. Mwaka 1990 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Grandstand, kipindi kikubwa cha michezo cha Jumamosi kilichoanza mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka 30 kiti kile kilikuwa cha wanaume watupu.

Alishiriki kutangaza Olimpiki, tenisi ya Wimbledon na, mwaka 1996, Olimpiki ya Walemavu kutoka Atlanta, wakati ambapo michezo hiyo haikupewa uzito inaopewa leo.

Agosti 1997 aligundulika kuwa na saratani. Madaktari walimpa miezi mitatu tu. Akaishi miaka miwili, akirudi kazini kila matibabu yalipomruhusu. Alisaidia kuchangisha zaidi ya pauni milioni 5 kwa ajili ya kitengo cha saratani katika hospitali ya North Middlesex alikotibiwa. Alifariki dunia tarehe 9 Agosti, 1999, akiwa na miaka 43.

Tangu mwaka huo BBC imekuwa ikitoa tuzo yenye jina lake kwa watu walioonyesha ujasiri katika dhiki. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, tunachelea kwamba wengi wanaukumbuka ugonjwa wake na kuisahau kazi yake. Kabla ya kuwa mgonjwa jasiri, alikuwa mwandishi wa michezo aliyeijua kazi yake.

Tena mlango alioufungua haukufunguka wote. Kuongoza kipindi ni jambo moja, kutangaza mpira dakika kwa dakika ni jingine. Ilibidi kusubiri hadi Aprili 2007, ndipo Jacqui Oatley akawa mwanamke wa kwanza kutangaza mechi katika Match of the Day, kipindi kilichoanza mwaka 1964. Kabla hata hajashika kipaza sauti, walikuwapo waliokwisha kulalamika.

Kwa hiyo tunawaomba wahariri wenzetu kule nyumbani: binti akija chumba cha habari kuomba dawati la michezo, aulizwe anaujua mchezo kiasi gani, kisha apewe kipaza sauti.

Mola ailaze roho ya Bi Helen mahali pema.