Bruce Lee: Staa aliyesugua benchi Hollywood, akaondoka kabla ya fainali

ILIKUWA usiku wa manane, mwishoni mwa Oktoba 1971, ndani ya ukumbi wa sinema mjini Hong Kong. Mashabiki wa filamu wa mji ule hawakuwa na simile. Kazi ikiwa mbovu walizomea, walitukana, na wapo waliokuja na visu kabisa kwa ajili ya kuchana viti. Kijana wa miaka 30 alikuwa ameketi humo na mkewe, akisubiri hukumu.

Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Marekani alikuwa na nyumba yenye deni, watoto wawili wadogo na mgongo mbovu uliowahi kumlaza kitandani kwa miezi. Filamu iliyokuwa ikioneshwa, The Big Boss, ilimpa Dola 7,500 tu. Ikibuma, hakukuwa na pa kwenda tena.

Ilipoisha, ukumbi ulikaa kimya kidogo. Halafu ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti, wakapiga kelele, wakamzonga hadi ikawa kazi kutoka. Ndani ya wiki tatu filamu ilikuwa imeingiza zaidi ya Dola milioni 3 za Hong Kong na kuvunja rekodi ya mji ule, iliyokuwa ikishikiliwa na The Sound of Music.

Huyo ndiye Bruce Lee. Kwa mashabiki wa soka waliokulia kwenye vibanda umiza, enzi hizo mkanda wa video ukiwa mfalme na king'amuzi cha mechi za Ulaya hakijulikani, huyu hahitaji utambulisho. Wapo watu wazima leo wenye makovu kichwani, si ya mpira bali ya nanchaku walizojitengenezea kwa vipande viwili vya mti na mnyororo, wakajipiga wenyewe.

Kinachokumbukwa ni ngumi, teke na ile sauti yake. Kisichosimuliwa sana ni muda aliokaa benchi.

KINDA WA MITAANI

Alizaliwa Novemba 27, 1940 San Francisco, Marekani, kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa kwenye ziara. Mzee alikuwa staa wa opera ya Kikantoni. Mtoto hakuwa hata amejifunza kukaa alipobebwa mbele ya kamera, kwenye filamu Golden Gate Girl. Mwaka uliofuata familia ilirudi Hong Kong, na kabla mwaka haujaisha Wajapani wakauvamia mji na kuukalia hadi 1945.

Vita vilipokwisha, dogo akawa kinda wa sinema kweli kweli. Alipofika miaka 18 alikuwa amecheza filamu kama 20, na jina la Joka Dogo lilikuwa limeshamkaa. Ila shule ilimshinda, na mitaani alikuwa mtu wa fujo. Akiwa na miaka kama 13 alipelekwa kwa mwalimu Ip Man kujifunza Wing Chun, aina ya kung fu ya mapigo mafupi ya karibu.

Huko ndiko alikoonja benchi mara ya kwanza. Mama yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wenzake walipogundua hilo waligoma kufanya naye mazoezi, wakidai kung fu ni ya Wachina halisi. Ilibidi ajifue zaidi na wachache waliomkubali, akiwemo Wong Shun-leung, mpiganaji aliyeogopwa mjini. Yaani nyumbani alionekana si Mchina wa kutosha. Miaka kumi na ushee baadaye, Hollywood ingemwambia amezidi Uchina.

Mwaka 1958 alitwaa ubingwa wa masumbwi ya shule na pia ubingwa wa kucheza cha-cha. Wanaoshangaa wepesi wa miguu yake waanzie hapo kwenye dansi. Lakini ngumi za mitaani hazikuisha, polisi wakaanza kubisha hodi nyumbani, na wazazi wakaona isiwe tabu. Mwaka 1959 walimpandisha meli kwenda Marekani akiwa na Dola 100 mfukoni.

KUTOKA UHUDUMU HADI KOCHA WA MASTAA

Seattle alifikia kwenye mgahawa wa Ruby Chow, akihudumia wateja na kulala humo humo. Alimaliza sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Washington, na pembeni akaanza kufundisha kung fu. Hakuchagua mwanafunzi. Mweusi, Mzungu, Mjapani, wote walipokelewa, jambo ambalo wazee wengi wa kung fu hawakulipenda hata kidogo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo binti wa Kizungu, Linda Emery. Walioana Agosti 1964, mama wa binti akiwa hataki.

Mwezi huo huo alikwenda kwenye mashindano makubwa ya kareti Long Beach, California, si kushindana bali kuonesha vitu vyake. Akapiga pushapu kwa vidole viwili. Akasimama mbele ya mtu mzima, ngumi ikiwa umbali wa inchi moja tu kutoka kifuani kwake, akamrusha hadi kwenye kiti nyuma. Taarifa zikafika kwa watu wa televisheni.

Kabla televisheni haijamchukua, mwishoni mwa mwaka ule, alipigana na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man, nyuma ya milango iliyofungwa mjini Oakland. Nani alishinda, hadi leo kila upande una hadithi yake. Lenye maana ni kwamba Bruce hakufurahi. Pambano la dakika chache lilimwacha akihema. Fundi mzuri, lakini pumzi hakuna!

Kuanzia hapo akawa mtumwa wa mazoezi. Mbio, kamba, vyuma, baiskeli, kila kitu kikiandikwa kwenye daftari kwa tarehe na idadi. Alitazama mikanda ya Muhammad Ali akijifunza miguu yake, akasoma vitabu vya masumbwi na vya mchezo wa vitara, akatupa kila kisichofanya kazi kwenye pambano la kweli. Mwaka 1967 alichobaki nacho alikiita Jeet Kune Do. Mwili wake ulikuwa mdogo, urefu mita 1.72 tu, hakuwa na mzaha nao.

Televisheni ilimpa nafasi mwaka 1966 kwenye The Green Hornet, akicheza kama Kato, dereva na msaidizi wa stelingi. Anafungua mlango wa gari, anapiga maadui, anarudi nyuma ya bosi. Tamthilia ilidumu msimu mmoja, vipande 26, ikafutwa.

Baada ya hapo simu hazikulia. Kikubwa alichopata ni kuwa kocha binafsi wa mastaa kama Steve McQueen na James Coburn, na wa yule mrefu wa mpira wa kikapu aliyekuja kujulikana kama Kareem Abdul-Jabbar. Aliwafundisha mastaa, yeye akaendelea kuomba visehemu kwenye filamu zao.

Halafu likaja jeraha. Mwaka 1970, siku moja asubuhi, alibeba chuma cha kilo zaidi ya 50 mabegani bila kupasha mwili vizuri, akainama, na neva ya mgongo ikaumia. Mchezaji yeyote aliyewahi kusikia kitu kikikatika gotini anaijua hofu ile. Madaktari walimwambia asahau kupiga teke maishani. Alilala miezi, Linda akatafuta kazi ya jioni ili nyumba isichukuliwe, na mgonjwa akajaza madaftari kwa maandishi kuhusu mapigano, yaliyotoka kama kitabu baada ya kifo chake. Alisimama tena na teke likarudi, ila maumivu ya mgongo hayakumuacha hadi mwisho.

Hata hivyo lililomuuma zaidi lilikuwa la mwaka uliofuata. Kampuni ya Warner Bros ilikuwa ikiandaa tamthilia ya Kung Fu, kuhusu mpiganaji wa Kichina anayezunguka Marekani ya zamani. Bruce alijaribiwa, akakataliwa. Ilionekana lafudhi yake nzito na sura yake haitauzika kwa mtazamaji wa Marekani. Nafasi akapewa David Carradine, Mmarekani asiye na tone la damu ya Kichina wala aliyejua kung fu. Familia ya Bruce imekuwa ikisema hata wazo lenyewe lilikuwa lake, wengine wanasema lilikuwa limeandikwa kabla. Vyovyote iwavyo, mtu aliyeijua kazi kuliko wote aliachwa nje ya kikosi.

AKASHUKA DARAJA, AKAPANDA

Mwaka 1970 alikuwa amekwenda Hong Kong kutembea, akakuta mji unamshangilia. Kumbe huko The Green Hornet iliitwa onesho la Kato. Wakubwa wa filamu wa huko, Shaw Brothers, walimpa ofa ya kinyonge, akaikataa. Raymond Chow, aliyetoka kwao na kuanzisha Golden Harvest, akamfuata na mkataba wa filamu mbili kwa Dola 15,000. Kwa mtu wa Hollywood huko kulikuwa kushuka daraja. Akasaini.

The Big Boss ilipigwa kijijini Pak Chong, Thailand, kwenye joto, mbu na chakula kibovu. Akarudi amekonda, kidole kimekatika na kifundo kimeteguka. Yaliyofuata ndiyo yale ya usiku wa manane.

Mwaka 1972 ilitoka Fist of Fury, akivunja kwa teke kibao kilichokataza mbwa na Wachina kuingia bustanini. Kumbi zilitetemeka. Mwisho wa mwaka ikaja The Way of the Dragon, ambayo aliiandika, akaiongoza na kuicheza mwenyewe, kocha mchezaji hasa, na kumalizia kwa pambano na Chuck Norris ndani ya Colosseum, Roma. Kila moja ilivunja rekodi ya iliyotangulia. Akaanza Game of Death, amevaa suti ya njano yenye mistari myeusi, akirushiana mateke na Abdul-Jabbar mwenye mita 2.18.

Hapo ndipo Warner Bros, kampuni ile ile, ilipopiga simu. Game of Death ikawekwa kando. Mwanzoni mwa 1973 kazi ya Enter the Dragon ikaanza Hong Kong chini ya mwongozaji Robert Clouse, kwa bajeti ya kubana sana, Bruce akiwa jina la juu pamoja na John Saxon na Jim Kelly. Alikonda, alikosa usingizi, chupa iliyovunjika ilimchana mkono. Aliijua fainali yake na hakutaka kuicheza nusu nusu.

Mei 10 alianguka studio akiingiza sauti, akapata degedege. Madaktari walikuta ubongo umevimba, wakamuokoa. Alikwenda kupimwa Los Angeles, akaambiwa yuko fiti, akarudi kazini.

Julai 20, 1973 alikuwa kwenye nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, wakizungumzia Game of Death. Kichwa kikamuuma, akapewa kidonge cha maumivu kiitwacho Equagesic, akajilaza. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 32.

Golden Harvest ilitangaza kwanza kwamba alianguka nyumbani kwake. Magazeti yalipogundua ni kwa Betty, uvumi ukawaka moto: sumu, magenge, pigo la siri la wazee wa kung fu. Uchunguzi wa mahakama ulimalizika kwa uamuzi wa ajali. Ubongo ulikuwa umevimba, na mtaalamu kutoka London alisema mwili ulikikataa kile kidonge. Wengine baadaye wametaja joto kali, wengine maji kuzidi mwilini. Ubishi haujaisha.

Hong Kong maelfu walifurika barabarani kumuaga. Linda aliamua azikwe Seattle, walikokutana, akiwa amevaa nguo ya Kichina aliyoivaa kwenye Enter the Dragon. McQueen na Coburn walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwezi mmoja baadaye, Agosti 1973, filamu ilizinduliwa Hollywood, kwenye ukumbi uitwao Chinese Theatre. Foleni zilizunguka mitaa. Game of Death ilikuja kukamilishwa mwaka 1978 kwa watu waliofanana naye, na inaonekana wazi pale yeye mwenyewe anapotokea, kwa sababu filamu nzima inaamka.

Mwanawe, Brandon, alifuata njia ya sinema. Machi 31, 1993, baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya wakati wa kurekodi The Crow, alifariki akiwa na miaka 28. Alizikwa Seattle, ubavuni mwa baba yake. Wiki nne baadaye Bruce Lee aliwekewa nyota yake kwenye barabara ya mastaa, Hollywood.