Leonardo da Vinci: mwewe aliyegeuzwa tumbusi

Leonardo alizaliwa tarehe 15 Aprili 1452, karibu na mji mdogo wa Vinci, katika Toscana, Italia. Baba yake, Ser Piero, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria. Mama yake, Caterina, hakuwa mke wa Ser Piero. Baada ya muda mfupi kila mmoja alifunga ndoa na mtu mwingine. Hata hivyo mtoto hakufichwa. Babu yake, Antonio, aliandika kwa mkono wake habari za kuzaliwa na kubatizwa kwa mjukuu huyo, na hati ya kodi ya mwaka 1457 inamtaja Leonardo, mwenye miaka 5, kuwa mmoja wa watu wa nyumba ya babu.

Kuzaliwa nje ya ndoa kulimfungia mlango mmoja: hakuweza kurithi kazi ya baba. Alipelekwa Firenze kujifunza kwa Andrea del Verrocchio, mchoraji na mchongaji, na mwaka 1472 aliingizwa katika chama cha wachoraji. Mwaka 1476 mtu asiyejitaja jina alipeleka mashtaka ya ulawiti juu yake na wenzake kadhaa. Kesi ilifutwa. Leonardo hakuoa wala hakuzaa, na waandishi wengi wa maisha yake wanaona kwamba mapenzi yake yalielekea kwa wanaume.

Mnamo 1482 alihamia Milano kwa mtawala Ludovico Sforza, na huko akachora Karamu ya Mwisho. Ser Piero alipofariki mwaka 1504, mwana huyu wa nje hakupewa kitu. Ami yake alipomwachia mali, ndugu zake wa baba mmoja walimpeleka mahakamani.

Katika miaka hiyo alichunguza sana jinsi ndege wanavyoruka. Akiandika juu ya mwewe, alikumbuka jambo la utotoni: alikuwa katika kitanda chake cha mtoto mchanga, mwewe akashuka, akamfungua kinywa kwa mkia na kumpiga nao mara nyingi ndani ya midomo. Leonardo aliona humo dalili kwamba ameandikiwa kumchunguza ndege huyo.

Mwaka 1910 Sigmund Freud, daktari wa nafsi wa Vienna, alitoa kitabu kizima juu ya kumbukumbu hiyo. Katika Kijerumani alichotegemea, neno la Kiitalia nibbio, yaani mwewe, lilikuwa limekuwa Geier, yaani tumbusi, mla mizoga. Juu ya tumbusi Freud alijenga nyumba kubwa: Wamisri wa kale waliandika neno mama kwa picha ya tumbusi, na watu wa kale waliamini kwamba tumbusi wote ni majike. Basi, kwa maoni yake, Leonardo aliishi miaka ya kwanza na mama peke yake, bila baba, akapendwa kupita kiasi, na jeraha hilo likageuza mwelekeo wa mapenzi yake.

Mwaka 1923 Eric Maclagan alionyesha kosa la neno hilo. Mwaka 1956 Meyer Schapiro, mwanahistoria wa sanaa, alikwenda mbali zaidi. Ishara inayogusa kinywa cha mtoto, alieleza, ni simulizi la zamani: inasemekana nyuki walitua kwenye midomo ya Plato. Tena Leonardo mwenyewe, katika maandishi yake juu ya tabia za wanyama, alimfanya mwewe mfano wa wivu, ndege anayewadonoa makinda wake akiwaona wamenenepa. Huyo si mama wa huruma nyingi.

Hata hivyo, wazo la Freud lilibaki, na kwa miaka mingi mama wengi walilaumiwa kwa ajili yake. Mwaka 1981 Bell, Weinberg na Hammersmith walichapisha uchunguzi uliotokana na mahojiano na watu karibu 1,500 wa eneo la San Francisco, Marekani. Malezi ya mama na baba yalionekana kuwa na uzito mdogo sana katika kueleza mwelekeo wa mapenzi ya mtu mzima. Ni kweli, chunguzi nyingi za baadaye zimeona kwamba watu wanaopenda jinsia yao husimulia mateso ya utotoni mara nyingi kuliko wengine. Lakini mambo mawili kwenda pamoja hakuonyeshi lipi limezaa lingine. Mtoto anayeonekana tofauti na wenzake huchekwa na kupigwa zaidi. Mateso yanaweza kuwa yamefuata tofauti hiyo, si kuizaa.

Leonardo alifariki tarehe 2 Mei 1519 huko Amboise, Ufaransa, akiwa mgeni wa Mfalme François wa Kwanza. Daftari zake alimwachia mwanafunzi wake, Francesco Melzi. Juu ya mama yake aliandika machache mno. Wanaotaka kujua Caterina alimpenda mwanawe kwa kiasi gani hawatapata jibu katika mkia wa ndege, awe mwewe au tumbusi.